Harrier nyeupe inatoka kijivu, na bosi ameanza kununa

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 26, niko Dar es Salaam, nafanya kazi kwenye yadi ya magari ya mtumba kutoka Japani. Niliajiriwa kuosha magari na kuyapanga. Mwaka jana bosi akagundua nina kamera, Canon 600D niliyouziwa na binamu pamoja na lenzi yake ya milimita 18-55, basi tangu siku hiyo mpiga picha wa yadi ni mimi. Mshahara uleule.

Mwezi uliopita tulikuwa na Harrier nyeupe ya lulu. Kwa macho inang'aa mpaka unafumba jicho. Kwenye picha ikatoka kijivu kama majivu ya jiko la mkaa. Mteja wa Mwanza akaiona kwenye simu, akasema hilo gari limechoka rangi, akataka apunguziwe kabla hata hajaligusa. Wiki hiyohiyo nikapiga Crown nyeusi. Ubavuni unauona mwarobaini wa jirani, ukuta wa mabati, na mimi mwenyewe na fulana yangu ya chungwa. Halafu ukikuza picha, kilichokaa kwenye fokasi ni mwarobaini. Mlango wenyewe una ukungu.

Rafiki akaniambia nitafute filta ya kuua mng'ao. Nikaipata Kariakoo kwa elfu thelathini. Sasa vioo vya madirisha ya pembeni vinatoa madoadoa ya rangirangi kama oili iliyomwagika kwenye maji, na kila nikiizungusha ikakaa vizuri, nikibonyeza fokasi inaharibika tena. Nahisi nimepigwa.

Juu ya yote, bosi ameona picha za Safari Rally kule Naivasha, tairi zinaonekana zinazunguka na nyuma kumekuwa mistari, anataka na zetu ziwe hivyo. Amesema nisipobadilika ataleta mtu mwingine. Nafikiria kukopa milioni mbili kwenye kikoba chetu ninunue kamera mpya. Unanishaurije, Mjomba?

Mpwa wa Yadi, Dar es Salaam

*

Marahaba, mpwa wangu. Hela ya kikoba iache ilipo. Kamera mpya nayo ingekupigia Harrier ya kijivu na mwarobaini uleule, ila kwa pikseli nyingi zaidi. Hiyo 600D inatosha kazi yako yote, na utaniona hapa chini naitaja vitufe kwa majina, kwa sababu nimewahi kuishi nayo miaka minne.

Nianze na Crown, maana humo ndimo ulimo ugonjwa wenyewe. Gari jeusi lililooshwa likapigwa polishi ni kioo kilichokunjwa. Halina sura yake. Linavaa sura ya kilicholizunguka. Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Miaka hiyo Tanga nilipewa kazi ya kupiga gari la harusi, jeusi, lina utepe mwekundu kwenye boneti. Nikachuchumaa ubavuni saa saba mchana, nikapiga kama picha arobaini. Siku ya kuzipeleka, bibi harusi akazikagua moja moja, akanionyesha mlango wa nyuma: "Na huyu aliyechuchumaa kama anatafuta shilingi iliyoanguka ni nani?" Nilikuwa mimi, na shati langu la maua, katika kila picha.

Kwa hiyo kabla hujashika kamera, simama pale utakapopigia, tazama bodi tu, usilitazame gari. Jiulize: mlangoni kuna nini? Kwenye boneti kuna nini? Ukiona ukuta wa mabati, geuza gari nusu mita, ukuta utahama kabisa, kwa sababu mwanga unaruka kwenye rangi kwa pembe ileile uliyofikia nayo. Kuhamisha gari kidogo kunahamisha mwakisi sana. Unachotaka kionekane ubavuni ni kitu kipana, kisicho na mambo mengi: anga tupu, uwanja mtupu, ukuta mrefu wa rangi moja ulio mbali. Mstari mmoja safi unaokimbia kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma ndio unaolipa gari umbo. Wewe vaa nguo nyeusi au ya kijivu iliyopooza. Fulana ya chungwa waachie bodaboda.

Angalia na chini. Udongo mwekundu unapaka milango rangi ya kutu upande wa chini, hasa kwa gari jeupe. Lami kuukuu au zege ni salama. Kivuli cha turubai la bluu kinabluisha kila kitu, na neti ya kijani ya bustani ndiyo mbaya kuliko zote: nimewahi kuona Vitz ya fedha ikigeuka mgonjwa wa manjano chini yake.

Sasa saa. Najua bosi anataka picha pale gari linaposhuka tu, hata kama ni saa sita na nusu mchana. Dar jua linapanda hadi karibu na utosi sehemu kubwa ya mwaka, na mwanzoni mwa Machi na kati ya Oktoba linakaa utosini kabisa. Mwanga wa namna hiyo unachoma paa na boneti, halafu tairi na bampa zinazama gizani. Hakuna kitufe kinachotibu hilo. Omba dakika ishirini tu baada ya jua kuzama. Kwetu jua linazama kati ya saa 12:15 na 12:50 jioni mwaka mzima, na giza halikawii kama huko Ulaya, hivyo gari liwe limeshaoshwa, limekaushwa na kuwekwa mahali pake jua likiwa bado linaonekana. Likishazama, anga yote inakuwa taa moja kubwa laini. Egesha gari uso wake uelekee upande ule wa magharibi ulio mweupe, wewe ulipe anga mgongo. Utaona boneti inajichora yenyewe.

Wakati huo mwanga ni mdogo. ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga, iache 100, tundu la lenzi f/8, shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, itashuka kutoka moja ya nane ya sekunde hadi sekunde nzima. Mkono hauwezi. Kama huna stendi, chukua mfuko wa mchele wa kilo mbili, uweke juu ya ndoo iliyopinduliwa, ulaze kamera juu yake, halafu utumie kile kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Ndoo ina faida nyingine: inakushusha. Picha nyingi za yadi zinapigwa na mtu aliyesimama wima, gari linaonekana kama limekanyagwa. Lenzi ikae usawa wa taa za mbele.

Yadi ikifungwa mapema, basi alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya nyumba. Na siku ya mawingu, usilale.

Turudi kwa Harrier. Kamera haijui kwamba imeelekezwa gari jeupe. Inapima mwanga unaorudi, kisha inataka jumla yake iwe kijivu cha katikati. Ni kama fundi cherehani ambaye kila mteja anamshonea saizi moja. Mteja mnene anabanwa, mwembamba anapwaya. Gari jeupe likijaa kwenye picha, kamera inasema "mwanga umezidi," inapunguza, unapata majivu. Gari jeusi likijaa, inasema "giza hili," inaongeza, Crown yako inatoka rangi ya makaa yaliyopoa na anga nyuma inaungua. Wewe ndiye wa kuikatalia. Kwenye 600D weka gurudumu kwenye Av, pale ambapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua shata, shikilia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, zungusha kile kigurudumu cha juu. Gari jeupe lipe moja juu, yaani +1. La lulu mara nyingi linataka hata moja na theluthi likiwa kivulini. Jeusi lishushe theluthi mbili, na ikibidi moja nzima. La fedha au la bluu ya kawaida liache kama lilivyo.

Halafu usiamini kioo cha nyuma cha kamera juani, kinadanganya. Fungua picha, bonyeza INFO mpaka utokee ule mchoro wa milima midogo. Kwenye ukurasa huo, sehemu zilizoungua kabisa zinapepesa. Kwa gari jeupe, mlima usogee kulia, karibu na ukuta lakini usiugonge. Nembo au rimu ya kromu ikipepesa kidogo, hilo siyo tatizo, kromu ndivyo ilivyo. Paa zima likipepesa, umezidisha; rudi theluthi moja. Weka pia kamera ipige RAW, ile picha ghafi ambayo kamera haijaipika. Faili ni kubwa, lakini nyeupe iliyoungua kidogo kwenye RAW inarudi. Kwenye JPEG, ile picha ya kawaida iliyokwisha kupikwa, ikiungua hairudi kitu.

Ukitumia simu siku ambayo kamera haina chaji: gusa gari kwenye skrini, shikilia kidole mpaka ikwambie imefunga, kisha telezesha juu au chini kurekebisha mwanga. Rudi nyuma hatua sita utumie 2x. Lenzi pana ya simu ukiisogeza karibu, pua ya IST inavimba kama imeng'atwa na nyuki. Sheria hiyohiyo kwenye lenzi yako: usipige gari zima kwa 18. Rudi nyuma, zungusha hadi 45 au 55, gari litapata maumbile yake.

Fokasi. Kamera yako ina nukta tisa, na ukiziacha zote wazi zinachagua zenyewe kitu kilicho karibu chenye mistari mikali. Mlango mweusi laini hauna mstari wowote. Mwarobaini uliomo ndani yake una majani elfu. Unadhani itachagua nini? Na jambo ambalo watu hawalifikirii: mti ule kwenye mlango, kwa lenzi, hauko mlangoni. Uko mbali kama umbali wa kutoka kwako hadi mlangoni ukijumlisha na kutoka mlangoni hadi kwenye mti. Ndiyo maana mti umekaa sawa na mlango una ukungu. Kamera ilitii. Chagua nukta moja tu, ya katikati, ndiyo makini kuliko nyingine kwenye 600D. Iweke kwenye kitu kigumu: ukingo wa taa ya mbele iliyo karibu nawe, au nembo, au namba ya gari. Bonyeza nusu, shikilia, panga picha yako, malizia kubonyeza. Ukipiga gari kwa mshazari kwa f/8 kutoka mita sita au saba, na lenzi iko 45 hivi, taa ya karibu itakuwa kali na ubavu hadi mlango wa nyuma utakaa vizuri. Ukiwa kwenye stendi, au kwenye mchele wako, ifanye kwa mkono: zima AF, ile fokasi ya kujiendesha, washa picha ya moja kwa moja kwenye skrini, kuza mara kumi, zungusha pete ya fokasi mpaka herufi za taa zisomeke. Dakika moja tu. AF ibaki imezimwa isije ikakuharibia.

Na usukani ukunje kidogo ili uso wa rimu uangalie kamera. Anayenunua anataka kuona rimu. Meno ya tairi atayaona akija.

Sasa filta yako. Hujapigwa, nadhani, lakini hebu tuipime. Washa skrini ya simu iwe nyeupe, ichungulie kupitia filta, upande wa nyuzi za kufungia ukiwa kwenye jicho lako. Izungushe taratibu. Skrini ikififia mpaka kuwa karibu nyeusi halafu ikarudi, ni filta halali ya kuchuja mng'ao. Isipobadilika hata kwa skrini ya simu nyingine, huenda ni kioo cha kawaida kilichovalishwa jina. Rudi Kariakoo na sura ya kikazi.

Ikiwa ni halali, madoadoa siyo kosa lake. Vioo vya madirisha ya pembeni na cha nyuma vya magari mengi ni vile vinavyopikwa kwa moto na kupoozwa ghafla, ili vikivunjika vimwagike punje punje badala ya kukata watu. Ile misukosuko ya kupoozwa inabaki ndani ya kioo kama makovu, na filta ya namna hii inayafichua. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zenye plastiki katikati, ndiyo maana hukuona madoa pale. Dawa ni kuizungusha kidogo nyuma, mng'ao urudi robo, madoa yatapungua. Au upige picha mbili kamera ikiwa imetulia, moja kwa ajili ya kioo cha mbele, moja kwa ajili ya ubavu, kisha uziunganishe kwenye kompyuta.

La pili, lile la kuharibika kila ukibonyeza fokasi. Tazama lenzi yako vizuri. Kama ni ile 18-55 IS II iliyokuwa ikiuzwa na 600D, pete yake ya mbele yote inazunguka inapotafuta fokasi, na filta inazunguka nayo. Kwa hiyo mpangilio ni huu: fokasi kwanza, zima AF, kisha ndipo uzungushe filta. Ukifanya kinyume utaizungusha mpaka Idi.

Jua na mipaka yake. Filta hiyo inafanya kazi kwenye kioo na rangi ukivitazama kwa mshazari. Ukisimama uso kwa uso na kioo cha mbele haifanyi lolote. Kwenye kromu tupu haifanyi kitu. Inakula mwanga, kati ya hatua moja na mbili za shata (kila hatua ni mwanga kupungua nusu), hivyo iache nyumbani usiku. Ndani ya gari ivue, maana redio yenye skrini inaweza kutoka nyeusi kabisa na mteja akadhani imekufa. Na usiue mng'ao wote. Vijana wengi wakishaipata wanaizungusha mpaka mwisho, gari linatoka kama sanamu la plastiki, limekauka, halina uhai. Mimi hufuta kwenye kioo cha mbele ili viti vionekane, na ubavuni naacha ule mstari wa anga upite.

Nikuongezee stori, maana inachekesha. Edwin Land, yule Mmarekani aliyebuni karatasi ya plastiki ya kuchuja mwanga kwa namna hii mwishoni mwa miaka ya 1920, ndoto yake ilikuwa magari. Alitaka iwekwe kwenye taa na mbele ya madereva ili wasipofushane usiku. Wenye viwanda vya magari hawakuitaka. Ikaenda kwenye miwani ya jua na kwenye kamera, na sasa imerudi kwa magari kupitia mlango wa yadi yenu.

Zile filta nyingine, za UV, zinauzwa kama kinga ya lenzi. Kinga sawa, lakini ya bei rahisi ukipiga taa zikiwa zimewashwa inakuzalishia taa za uongo zinazoelea hewani. Ivue. Na taa za LED ukizipiga kwa shata ya haraka sana zinaweza kutoka zimezima nusu, kwa sababu nyingi zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona. Shuka hadi moja ya sitini au chini ya hapo.

Hiyo moja ya sitini ndiyo pia dawa ya Safari Rally ya bosi. Tairi zikionekana zinazunguka, shata ilikuwa polepole na mpiga picha alikuwa anageuka pamoja na gari. Mchana wa jua kali, ISO 100 na shata ya moja ya sitini inakulazimisha f/22, na hapo picha inalegea na kila vumbi kwenye kihisi cha kamera linaonekana. Filta yako ya mng'ao ikila hatua moja na nusu unafika f/13, inatosha kuanzia. Baadaye ukipata hela tafuta filta nyeusi ya ND8, inakufikisha f/8. Simama mguu umetanuka, zungusha kiuno, anza kulifuata gari kabla halijafika, bonyeza huku unazunguka, na usisimame baada ya kubonyeza. Kwa kilomita 40 kwa saa, kwenye uwanja mtupu wa ndani, dereva akiwa mtu mzima mwenye leseni. Barabarani usithubutu. Kati ya picha thelathini utapata mbili. Huyo wa Naivasha naye hazipati zote.

Kuhusu bosi kuleta mtu mwingine: mwombe wiki mbili na zile dakika ishirini za jioni, umpigie gari moja jeupe na moja jeusi, umwekee pembeni picha za zamani. Ukimaliza hapo ndipo uongee mshahara.

Limebaki la mteja wa Mwanza, ambaye kwa kweli bado hajakataa. Mpigie Harrier upya kivulini, moja juu, filta nusu. Halafu piga moja ya karibu: weka karatasi nyeupe ya A4 juu ya boneti, ibanwe na wiper, gari na karatasi vionekane pamoja. Lulu ina ukungu wa maziwa ukiilinganisha na karatasi, ndivyo ilivyotoka kiwandani, na yeye ataona kwa macho yake. Kama kuna mkwaruzo kwenye bampa, piga na wenyewe, mwanga ukija kwa ubavu, fokasi kwenye mkwaruzo. Mtumie zote tatu kwa mkupuo, na namba ya rangi iliyoandikwa kwenye kibati cha gari. Ikiwa ni 070, fundi rangi yeyote wa Mwanza atamwambia ni lulu.